Kuhe, Mshipi na Ombi la Kokoro
(Maneno yetu kwa kamati za parokia, Bangwe)



Mmetuuliza kwa nini ombi la kokoro limerudi bila fedha. Jibu limo kwa kuhe, basi tuanze naye.

Sokoni wengi humchanganya na sangala mdogo. Tazameni mgongo: pezi la sangala limekatika katikati kama mapezi mawili, la kuhe limeungana toka mbele hadi nyuma. Halafu pua: kuhe ana tundu moja kila upande, sangala mawili. Magamba ya kuhe ni madogo sana, na ubavuni ana madoa meusi. Katika jamaa zake wa sikilidi yumo kati ya wakubwa kabisa; hupita sentimita 60. (Aliyemla wa kuchoma hahitaji habari za pua.)

Chakula chake ni dagaa na samaki wadogo, ndiyo maana mshipi wenye chambo cha dagaa humpata. Lakini wakati wa kuzaa husogea kwenye maji mafupi. Jike hutaga mayai maelfu chini, na wazazi wote wawili hukaa kulinda, kwanza mayai, kisha vifaranga. Bluegill wa Marekani naye hulinda kiota, ila ni dume peke yake. Mkiwatoa wazazi, samaki wengine huwamaliza watoto upesi.

Sasa fikirini kokoro likikokotwa hapo. Huzoa wazazi, vifaranga na mayai pamoja. Sheria ya Tanzania inalikataza, na sisi hatuwezi kulinunua.

Tukiri pia. Miaka ya nyuma tulinunua nyavu za macho madogo bila kuwauliza wazee wa mwalo. Fedha ilikuwa yenu, kosa letu.

Tunajua njaa haingoji. Ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kina mama wauza samaki waliumia kuliko wenye mitumbwi, nao hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo tunapendekeza fedha ya ombi hili igawanywe: nusu mishipi na ndoana kubwa, nusu mfuko wa kuwakopesha kina mama ziwa likifungwa. Wavuvi nao wakubali jambo moja: wakiona kuhe wawili wamesimama na vifaranga, mshipi usishushwe hapo.

Kamati zijadiliane, na majibu yaletwe kwa maandishi kwa makatibu, hata kama ni ya kukataa.