Taifa Dogo Haliongozwi kwa Matamko

(Maneno ya mhadhara uliotolewa Kibarani, Mombasa, mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mipango ya muda mrefu ya taifa. Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la wachumi na mawaziri, na kwamba mtu asiyejua watoto wake watakula nini usiku hana haja ya kuwaza mwaka 2050. Sisi twaona kinyume. Tajiri akikosea mpango hupoteza faida. Maskini akipangiwa vibaya hupoteza makao. Na mataifa ni hivyo hivyo. Dola kubwa yenye hazina nzito yaweza kukosea mara tatu ikajirekebisha. Taifa dogo kama letu, lenye madeni ya kigeni, kosa moja laweza kulipwa na kizazi kizima.

Ushahidi uko hapa tulipokaa. Wakati wa ukoloni lilijengwa tuta la Makupa kuunganisha kisiwa na bara. Lilirahisisha safari, lakini liliziba njia ya maji ya bahari kuzunguka kisiwa. Kisha ukingo huu wa Kibarani ukafanywa jaa, na kwa miongo mingi taka za mji zikamwagwa kando ya maji, moshi wake ukiwa ndio salamu ya kwanza kwa mgeni aingiaye Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Serikali ya Kaunti ililifunga jaa hilo na kupanda miti. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa, na maji yakarudishiwa njia yake. Twashukuru kwa hayo. Lakini waliokuwa wakijipatia riziki kwa kuchambua taka, nani aliwawekea nafasi katika mpango wa kufunga? Na taka zilipopelekwa Mwakirunge, je, tatizo lilitatuliwa, au lilihamishiwa kwa jirani?

Ndugu zetu, mpango wa muda mrefu si kitabu chenye picha za majengo marefu. Ni kujiuliza leo nani atalipa gharama kesho, na kumwita mtu huyo mezani kabla ya kukata shauri. Yusufu alipomshauri Farao, hakuishia kutabiri njaa. Alieleza akiba itatoka wapi, itawekwa wapi, na nani aisimamie. Waumini wa Biblia na wa Kurani wote waijua habari hiyo.

Nchi yetu haijakosa vitabu. Ruwaza ya 2030 ilizinduliwa mwaka 2008, ikaahidi uchumi ukue kwa asilimia 10 kila mwaka, na ikagawanywa katika mipango ya miaka mitano mitano. Ukuaji huo haukudumishwa. Tena, tangu zamani tumezoea mtindo mwingine wa kutawala: tamko la barabarani. Kiongozi husimama juu ya gari, husema neno, na neno hilo hugeuka sera kabla ya jua kuchwa.

Tazameni bandari yetu. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa kwa mkopo wa China, ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Mwezi Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo ya kwenda bara isafirishwe kwa reli hiyo na kushughulikiwa Nairobi. Madereva, matingo, mafundi wa gereji, mawakala wa forodha na mama lishe wa barabara ya Changamwe waliuona mkate wao ukiondoka. Watu wakaandamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliamua kwamba maagizo hayo yalikiuka Katiba, kwa sababu umma haukushirikishwa. Mwezi Septemba 2022 Rais mpya akarudisha shughuli hizo Mombasa, naye pia kwa agizo. Wengi walishangilia, nasi hatuwalaumu, kwani mwenye njaa hafurahii hoja ya sheria. Hata hivyo, riziki iliyoondolewa kwa tamko na kurudishwa kwa tamko yaweza kuondolewa tena kwa tamko. Deni la reli lakini halisikii matamko. Hudaiwa mwaka baada ya mwaka.

Lamu nako ni vivyo hivyo. Ujenzi wa bandari mpya ulizinduliwa mwaka 2012, na wavuvi wakaona mikoko ikikatwa na maeneo yao ya kuvulia yakichimbwa. Hawakurusha mawe. Walikwenda mahakamani, wakangoja. Mwezi Aprili 2018 Mahakama Kuu ilikubali kwamba haki zao zilivunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Laiti wavuvi hao wangaliketishwa mezani tangu mwanzo, taifa lingaliokoa fedha, wakati na imani ya watu wake.

Tuje kwenye maji. Kisiwa cha Mombasa hunywa maji ya watu wengine: ya Mzima kutoka Taita Taveta, ya Marere na Tiwi kutoka Kwale, ya Baricho kutoka Kilifi. Singapore nayo, ilipopata uhuru kamili mwaka 1965, ilitegemea maji ya Johor, ng'ambo ya mlango wa bahari. Mkataba wake wa mwaka 1962 utakwisha mwaka 2061. Haikungoja mwaka 2060. Ilijenga mabwawa ya kukinga mvua. Mwaka 2003 ikaanza kusafisha maji yaliyokwisha tumika. Mwaka 2005 ikafungua mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Sisi twangojea nini?

Hapa watawala wengine hudakia: mwaona, Singapore iliendelea kwa mkono wa chuma, vyama vingi ni kelele tu. Hiyo si hoja. Kenya ilikuwa ya chama kimoja kisheria tangu 1982 hadi 1991, na mkono wa chuma haukutuletea maji. Tazameni Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii hii. Kilipata uhuru mwaka 1968 kikitegemea sukari. Kiliongeza viwanda vya nguo, kisha utalii, kisha huduma za fedha. Mwaka 1982, na tena mwaka 1995, wapiga kura walikiondoa chama tawala hata kisipate kiti kimoja cha kuchaguliwa. Serikali zilibadilika, kazi ya kujenga uchumi ikaendelea. Mpango ulio wa taifa haufi mtawala anapokwenda nyumbani.

Nasi tunao mfano wetu wenyewe. Sehemu ya 2A ilipofutwa mwezi Desemba 1991, waliotutangulia hawakusema kazi imekwisha. Mwaka 1997 walidai mageuzi kabla ya uchaguzi. Mwaka 1999 jumuiya za dini zilikutana Ufungamano na kuanzisha mchakato wa katiba wa wananchi. Mwaka 2005 wapiga kura waliukataa mswada wasioutaka. Katiba mpya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Hiyo ni safari ya miaka karibu 19, na iliendeshwa na watu wasio na hazina wala polisi.

Katiba hiyo imetupa silaha. Kifungu cha 42 chatupa haki ya mazingira safi, yalindwe kwa faida ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Kifungu cha 201 chataka mzigo wa mikopo ya umma ugawanywe kwa haki kati ya waliopo na watakaozaliwa. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, sehemu ya 104, yakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango uliopitishwa na bunge la kaunti.

Basi tunawaachia kazi tatu. Kwanza, kila kanisa, kila msikiti na kila kikundi kiombe nakala ya mpango wa kaunti wa 2023 hadi 2027, kiusome kwa sauti, na kiandike kilichotekelezwa na kisichotekelezwa katika wadi yake. Pili, mpango utakaofuata unaanza mwaka 2028, nao utaandikwa katika vumbi la uchaguzi wa 2027. Tusikubali uandikwe gizani huku sisi tukigombania fulana na lesso. Kila mgombea aulizwe mbele ya watu: maji yatatoka wapi, taka zitakwenda wapi, na deni atalipa nani? Tatu, Ruwaza ya 2030 ikifika ukingoni, taifa litahitaji dira nyingine. Tuanze sasa kuandika yetu, mtaa kwa mtaa, ili wataalamu watakapokuja watukute na maneno mkononi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa nchi hujengwa kwa jasho la watoto ambao bado hawajazaliwa. Hao hawana kura wala wakili. Sisi ndio tuliokabidhiwa kuwasemea.