Breki Kwanza, Injini Baadaye



Fundi anayetaka kufunga injini ya mipigo minne nyuma ya baiskeli ya watu wawili hana budi kuanza na breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo ambayo breki hupaswa kuizuia huwa mara nne. Aidha, gurudumu la nyuma hubeba mpandaji wa pili pamoja na injini, hivyo lahitaji spoki nene na ringi imara. Oili ya injini hiyo haichanganywi na petroli. Hukaa mahali pake chini, nayo yapasa kupimwa kabla ya safari.

Chama kikimlipa fundi kabla ya kukagua breki, huenda gharama ya pili ikawa maisha ya wanachama wawili.