Amlapitta na Hoja ya Miaka Elfu Tano



Mwenzangu mmoja, ninayemheshimu hata tunapotofautiana, hufundisha kwamba Ayurveda ni tiba ya Kihindi ya miaka 5,000 isiyobadilika, na kwa hiyo mwenye kiungulia sugu au michomo ya tumbo anaweza kuitumia bila hofu. Leo nina ugomvi na hiyo "kwa hiyo".

Tuanze na kutobadilika. Ugonjwa tunaouzungumzia waganga wa Ayurveda huuita amlapitta. Fungueni vitabu vyao vikongwe, Charaka na Sushruta: hamtaukuta ukiwa na sura yake. Charaka anautaja kwa kupita tu. Sura kamili tunaipata kwa waandishi wengine, kwa Kashyapa, na kwa Madhava, aliyeugawa aina mbili, unaopanda na unaoshuka. Yaani waganga waliona jambo ambalo wakubwa wao hawakulipa nafasi, wakaliandikia. Mwenzangu anaufuta ujasiri huo huku akidhani anawasifu.

Na kutodhuru je? Chukueni yashtimadhu, mojawapo ya dawa zao za tumbo: ni mzizi mtamu, ule ambao Wazungu hutengenezea peremende nyeusi. Mwaka 1946 daktari wa Uholanzi, Revers, aliandika kwamba dondoo lake linasaidia vidonda vya tumbo. Baadhi ya wagonjwa wake walivimba. Baadaye mzizi huohuo ulizaa kabenoksoloni, dawa iliyotumika Uingereza tangu miaka ya 1960, ikapandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani Boston: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Na bado sijamgusa bakteria wa vidonda vya tumbo waliyemgundua Marshall na Warren, aliyewapatia Nobeli ya 2005. Mwenye bakteria huyo, *Helicobacter pylori*, apewe antibiotiki. Anayetapika damu au kupata choo cheusi akimbizwe hospitali. Churna, ule unga wa mitishamba, isubiri.

Mtasema basi nimeibomoa nyumba nzima. Hapana. Niruhusuni nikae na Kashyapa. Kitabu chake, kilichochapishwa mwaka 1938 kutokana na muswada pungufu uliopatikana Nepal, ni cha tiba ya watoto na uzazi. Huendi huko kutafuta kiungulia. Lakini ndimo anamoeleza kwamba anayekula kabla chakula cha awali hakijasagika ni sawa na anayemimina maziwa mabichi katika chungu cha mtindi: yataganda na kuchacha hata yawe mazuri namna gani. Kosa liko chunguni. Kisha anasema ugonjwa huu hukithiri katika nchi za majimaji, utibiwe kwa dawa za nchi kavu, na ukikataa kutulia, mgonjwa ahame. Ahame! Ni mwandishi gani wa maelezo ya vidonge angethubutu?

Shangazi yangu, Tanga, alikuwa halali bila vidonge vya kutafuna. Wali wa nazi saa nne usiku, kitandani saa nne na nusu. Mganga Mgujarati wa Ayurveda aliyemwendea hakumfungia unga wowote. Alimuuliza anakula saa ngapi. Chakula cha usiku kikahamia saa kumi na mbili, na vidonge vikapungua. Najua, shangazi mmoja si utafiti. Ila daktari yeyote wa tumbo leo atakukataza kulala ukiwa umeshiba.

Kuhusu kuhama, wenzangu wa epidemiolojia watanikumbusha kwamba bakteria wa vidonda huenezwa na msongamano wa nyumba na uchafu wa maji, wala si unyevu wa pwani. Nakubali. Lakini hilo nalo ni jibu la swali la Kashyapa: mgonjwa anaishi wapi? Alikosea sababu, swali akalipata. Ndiyo maana wanafunzi wangu huandika kwanza makazi ya mgonjwa na saa ya mlo wake, ndipo jina la dawa. Wananung'unika kwamba fomu ya hospitali haina nafasi hiyo. Nawaambia waandike pembeni.