Askari Mmoja Hatoshi

Ndugu msikilizaji, wapo wasemao chanjo ya Ukimwi ipo, ila imefichwa. Leo nataka tuitazame kazi yenyewe ilivyo ngumu.

Virusi vinapoingia, mwili huunda askari wake, yaani kingamwili. Lakini adui huyu hubadili sare kila kukicha. Askari aliyemjua jana, leo hamtambui. Tena ana koo nyingi: Afrika Mashariki zimeenea A, C na D, kusini mwa Afrika C, Marekani na Ulaya B.

Wagonjwa wachache, baada ya miaka, huunda kingamwili ziwezazo kupambana na koo nyingi. Mojawapo, VRC01, ilipatikana katika damu ya mgonjwa mmoja Marekani, ikatangazwa mwaka 2010. Wanawake 1,924 wa nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, walijitolea kwa majaribio: wengine dripu ya kingamwili hiyo, wengine ya maji ya chumvi tu, kila wiki nane.

Majibu yalitoka mwaka 2021. Kwa jumla, haikuzuia maambukizo. Lakini pamoja na jaribio jingine la Amerika na Uswisi, ilionekana kuvizuia kwa kadiri ya asilimia 75 virusi vile inavyovimudu. Ila vya namna hiyo ni vichache.

Kwa hiyo wataalamu sasa hupanga askari kadhaa pamoja. Hakuna kilichofichwa, ndugu yangu. Wakati tukisubiri, pima, tumia kondomu, na mwenye dawa asiiache.