Mtu wa Tatu Anapotolewa Kwenye Kesi kwa Makubaliano

(Hotuba kwa wakazi katika kikao cha elimu ya sheria, Machakos)



Leo nazungumzia karatasi moja tu, ile ambayo watu huitia sahihi kwenye veranda ya korti bila kuisoma.

Tuseme uliuza pikapu yako kwa mtu wa Wamunyu. Alilipa, mkapeana mikono, lakini logibuku ikabaki kwa jina lako. Gari likamgonga mtu pale Kyumbi. Aliyeumia atakushtaki wewe, maana kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine.

Kanuni za kesi za madai za 2010 zinakuruhusu kumwingiza mnunuzi kama mtu wa tatu. Unaomba ruhusa ya korti ndani ya siku 14 baada ya pande zote kumaliza kuwasilisha hoja zao za maandishi. Hapo faili moja inabeba kesi mbili: aliyeumia dhidi yako, na wewe dhidi ya mnunuzi. Ukishindwa, unayemlipa aliyeumia ni wewe. Mnunuzi anakurudishia wewe, yote au sehemu, kadiri korti itakavyoamua.

Sasa mnunuzi anakuja: "Ndugu, mimi nitoe, tutayamaliza nyumbani." Si vibaya. Ibara ya 159 ya Katiba yenyewe inahimiza maafikiano. Kesi ikiwa imeshapangiwa siku ya kusikizwa, Agizo la 25 la kanuni hizo linataka makubaliano ya maandishi yenye sahihi za wahusika wote.

Lakini kesi ya aliyeumia haiondoki! Mnunuzi ametoka, na fidia yote imebaki juu yako. Kama ameahidi kuchangia, ahadi hiyo iandikwe humo humo: kiasi gani, lini, na gharama za mawakili ni za nani. Ahadi ya chini ya mwembe haimo kwenye faili.

Tazama pia maneno. Madai "yameondolewa" huenda ukayaleta tena. Yakiandikwa "yamefutwa, na hakuna anayemdai mwenzake", mlango umefungwa.

Wala usitegemee kubadilisha nia baadaye. Katika kesi ya Flora Wasike dhidi ya Destimo Wamboko, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba amri ya makubaliano ina nguvu ya mkataba. Kujuta hakutoshi, huvunjwa kwa sababu zile zinazovunja mkataba, kama vile udanganyifu. Sahihi ya wakili wako nayo hukufunga, kwa hivyo mwambie mapema, kwa maandishi, usichokubali.

Karatasi ikiwa ya Kiingereza nawe hukielewi, omba usomewe kwa Kiswahili au Kikamba kabla ya kushika kalamu. Amri ikishatolewa, chukua nakala yenye muhuri kwenye rejista.

Karibuni kwa maswali, tuanze na wenye barua za korti mkononi.