Kwa Nini Bunduki Haivuki Mpaka Pamoja na Mkimbizi

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unapungua)

Wengi wenu mmeuliza: kwa nini anayevuka mpaka huulizwa kama aliwahi kubeba silaha? Na kwa nini kambi huwekwa mbali na mpaka?

Sheria hii ina historia. Februari 1871, jeshi la Ufaransa lililoshindwa na Wajerumani, askari wapatao 87,000, liliomba kuingia Uswisi, nchi isiyokuwa upande wowote. Waswisi waliwapokea kwa sharti kwamba waache silaha mpakani. Walipewa chakula na malazi, lakini hawakuruhusiwa kurudi vitani. Mwaka 1907, mataifa yaliyokutana The Hague yaliandika katika mkataba kwamba nchi isiyo upande wowote haipitishi majeshi wala silaha, na askari wanaoingia kwake huwekwa mbali na vita.

Afrika nayo ilipatana kuhusu wakimbizi. Mkataba wa OAU wa Addis Ababa, wa mwaka 1969, una pande mbili. Nchi jirani ikikupokea, nchi uliyoikimbia haipaswi kuliona jambo hilo kuwa uadui. Kwa upande wake, nchi iliyokupokea hairuhusu mkimbizi aishambulie nchi nyingine, na kwa ajili ya usalama inaweka kambi mbali na mpaka kadiri inavyowezekana. Upande mmoja ukivunjika, wa pili nao unayumba.

Tuliona hilo huko Goma. Mwaka 1994, raia wengi kutoka Rwanda waliingia Zaire pamoja na askari walioshindwa na wanamgambo. Umoja wa Mataifa ulikuwa umepiga marufuku silaha kwenda Rwanda tangu Mei mwaka huo. Juni 1995, Baraza la Usalama likasema wazi kwamba marufuku hiyo inawahusu pia watu walioko nchi jirani, ikiwa silaha hizo zitatumika Rwanda. Lakini karatasi haikuwatenganisha wapiganaji na raia. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitafuta majeshi ya kulinda kambi, asipate. UNHCR ikapatana na serikali ya Zaire, wakaletwa askari 1,500 wa nchi hiyo kulinda usalama kambini. Hiyo nayo haikutosha. Mwishoni mwa 1996 kambi zilishambuliwa. Mama aliyekuwa kwenye foleni ya mgawo hakuwa na bunduki, lakini vita vilimfuata.

Ndugu zangu, tusisikie vibaya. Aliyewahi kuwa mpiganaji hafungiwi mlango milele. Akiacha vita kwa kweli na moja kwa moja, na hilo likathibitishwa, anaweza kuomba hifadhi. Lakini kwanza hutenganishwa na raia. Watoto waliotumikishwa na makundi yenye silaha wanahitaji ulinzi maalumu.

Kwa hiyo, mtu akija usiku kuandikisha vijana, au akiomba umfichie mzigo wa silaha, usigombane naye. Nenda kwa siri ofisi ya ulinzi ya UNHCR, au umwambie mfanyakazi wa shirika unayemwamini. Hapo husaliti kabila lako wala nchi yako. Unalinda haki ya watoto wako kulala bila vita kuwafuata.



(Muziki)