Dawa Zikiisha, Hasira Humwangukia Muuguzi

Wasikilizaji wetu wa Masisi na Walikale, fikirini hali hii. Mama ametoka kijijini alfajiri, mtoto mwenye homa mgongoni. Kituoni anaambiwa dawa ya malaria imekwisha. Anafoka, na ana haki ya kuumia. Lakini muuguzi anayefokewa siye aliyezuia dawa. Barabara ni mbovu, vita hufunga njia, na wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali. Wanaishi kwa posho ya primu na pesa wanazolipa wagonjwa.

Ndugu wauguzi, msijifungie ndani. Tokeni mapema, waambieni walio kwenye mstari dawa zipi zipo na zipi zimekwisha. Elezeni kwa nini mtoto mwenye degedege anatangulia. Mtu akipaza sauti, mkaribisheni akae, mumsikilize hadi amalize, ndipo mjibu taratibu. Bei zibandikwe ukutani, maana bei ya kufichwa huleta ugomvi.

Nanyi wazazi, malalamiko yapelekeni kwa CODESA, kamati inayowawakilisha wakaaji katika eneo la afya. Iulizeni kuhusu dawa zilizoingia na pesa zilizotumika. Msipowajua wanakamati wenu, muulizeni mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu.